Mama Kigoda na Kiwanja cha Skuta

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mwenzetu ambaye jalada lake la ajira linamtambua kama Afisa Mipango Miji Mwandamizi, na ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Mama Kigoda, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi wamenipa kurasa hizi nimuage kwa niaba yenu. Mimi ni mchora ramani, mtu wa mistari zaidi kuliko maneno, lakini meza yangu imepakana na yake miaka mingi. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuivumilia chai yake isiyo na sukari bila kukunja uso.

Alianza kazi masijala. Wakongwe wa idara wanamkumbuka binti mwembamba aliyebeba majalada hadi kidevuni na kuyasoma akitembea. Siku moja mkuu wa idara wa wakati ule alimkuta amesimama katikati ya ngazi, amezama katika ombi la mtu aliyetaka kujenga stoo ya mbao, na nyuma yake watu wamepanga foleni wakisubiri apite. Badala ya kumgombeza, mkuu akampeleka masomoni. Alirudi na cheti, miwani, na tabia ya kuuliza maswali ambayo haijapata dawa hadi leo.

Kwa wale wa idara nyingine ambao hudhani tunashinda tukichonga penseli, kazi yenyewe ni hii. Mtu akitaka kufanya biashara kwenye kiwanja kilichopangwa kuwa cha makazi, analeta ombi la kubadili matumizi ya kiwanja hicho. Majirani wanapewa nafasi ya kuweka pingamizi, afisa anakagua na kutoa mapendekezo, kisha kamati inaamua. Afisa mwepesi anaweza kuyamaliza yote hayo bila kunyanyuka kitini. Hata Mama Kigoda alikuwa hivyo mwanzoni, na mwenyewe hakuficha.

Katika miaka yake ya mwanzo alipendekeza mashine ya kusaga nafaka ikubaliwe kwa kutazama ramani tu. Kwenye ramani kila kitu kilikaa vizuri. Mashine ilipoanza kazi, nguo za majirani wote zikawa nyeupe, zikiwemo zile zilizonunuliwa zikiwa nyeusi. Alikwenda kuwaomba radhi, na bibi mmoja, bila kumjibu, akamsogezea kigoda uani akamwambia akae. Alikaa mpaka mchana. Aliporudi ofisini alikuwa na unga hadi kwenye kope, na tangu siku hiyo hakupendekeza lolote juu ya kiwanja ambacho hajakikalia.

Ndipo kilipozaliwa kigoda chake. Alichongewa na shemeji yake seremala, na mguu mmoja ulitoka mfupi. Shemeji aliahidi kuurekebisha wiki inayofuata, na ahadi hiyo bado iko palepale. Kikiwa chini ya kwapa kilipanda naye mabasi, malori ya mchanga, na mara moja gari la kubebea maiti lililompa lifti. Kiwanjani aliketi tangu watu wanapoamka hadi jua la utosi, akitazama na kusikiliza. Hakupokea kwa mwombaji hata soda. Alikuwa na maji yake na mwavuli wake, na sura ya mtu anayesubiri basi ambalo hana haraka nalo.

Faida tumeziona. Tajiri mmoja alipoomba kujenga maghala kwenye uwanja ule wa mpira ambao kwenye ramani ulionekana ni pori tupu, Mama Kigoda alikwenda kukaa Jumamosi jioni. Mpira ulimpiga begani, ukamwangusha yeye na kigoda chake. Akaandika kwamba kiwanja hakiko wazi, kina wenyewe, na wana mashuti makali. Uwanja upo hadi leo, na vijana wanaocheza hapo hawajui kuwa wanadaiwa bega.

Sasa nifike kwenye ombi lake la mwisho, ambalo lilitukalisha roho juu idara nzima, na ambalo naliandika leo nikiwa nimeshusha pumzi.

Mwombaji alikuwa fundi wa skuta. Wengi wenu mnamjua, maana ndiye anayezifufua zile zenu mnazoziacha mvuani. Miaka yote alifanya kazi chini ya bati la kupanga, kando ya barabara kuu. Safari hii alikuwa amepata nafasi ya kuuza skuta mpya, na muuzaji wa jumla alikubali kumpa uwakala kwa sharti awe na duka lenye kibali. Wakati huohuo mwenye lile bati alimpa hadi mwisho wa mwezi wa Mei awe ameondoka. Bahati njema kulikuwa na kiwanja chake cha urithi kutoka kwa mjomba wake, kinachotazama barabara ileile. Kilikuwa cha makazi, kwa hiyo akaleta ombi. Akikosa kibali, anakosa uwakala na anakosa hata pa kufungulia spana.

Pingamizi lilikuwa moja tu, lakini zito. Liliwekwa na muuguzi anayeishi nyuma ya pale, upande wa kichochoro. Yeye huhudumia wodi ya watoto wachanga zamu ya usiku, na hulala asubuhi wakati wenzake wanaamka. Alifika ofisini akiwa na macho mekundu, akaeleza bila ukali kwamba hana ugomvi na skuta wala na fundi, ugomvi wake ni na kukosa usingizi, kwa sababu mtu anayempimia mtoto mchanga dawa huku anasinzia ni hatari kuliko injini yoyote. Kila mmoja wetu aliyezaa au aliyezaliwa hapa mjini amewahi kupita mikononi mwa watu kama yeye.

Mama Kigoda akachukua kigoda chake. Gari la idara lilikuwa bovu, jambo ambalo halitawashangaza, kwa hiyo alikwenda kwa miguu na kukata njia kwenye kichochoro. Akakuta kiwanja kitupu, ukuta, na juu ya ukuta tangazo la ombi la duka la skuta. Akafungua mwavuli, akakaa.

Alikaa mpaka mchana. Alimwona muuguzi akirudi kutoka kazini, akivua viatu mlangoni na kuvuta pazia la dirisha lililokuwa karibu kiasi cha kulifikia kwa fagio. Alisikia njiwa. Alisikia mtoto wa nyumba ya tatu akikohoa. Mahali pakimya namna ile, aliandika, injini moja ingetosha kuuharibu mtaa. Akapendekeza ombi likataliwe, ripoti ikasomwa kwenye kamati, na mwenyekiti akaagiza barua ya kukataa iandaliwe. Mimi mwenyewe niliisoma ripoti ile na kuona ni kazi safi.

Siku mbili baadaye fundi alikuja. Alikuwa ameshasikia, maana habari mbaya hapa ofisini hazisubiri muhuri. Alivaa shati lililopigwa pasi na kucha zake bado zilikuwa na grisi. Hakuja kugomba. Alimwamkia Mama Kigoda kama anavyomwamkia mama yake mzazi, akabaki amesimama ingawa alionyeshwa kiti. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama, nisamehe. Mimi nilikungoja pale tangu alfajiri, nimefagia, nimeazima na kiti. Wewe ulikaa wapi?"

Mama Kigoda akavua miwani. Akamwambia alikaa palepale penye tangazo. Fundi akamuuliza tangazo lipi, la mbele au la nyuma. Niliona uso wa mwenzetu ukipoteza rangi.

Ilikuwa hivi. Sheria inamtaka mwombaji abandike tangazo moja, kwenye kiwanja chake. Fundi alibandika la kwake mbele, likitazama barabara kuu, kama alivyoelekezwa. Baadaye akafikiri kwamba watu wa kichochoroni hawapiti upande ule, na si haki wasijue. Akabandika la pili upande wa nyuma wa ukuta wake, ili jirani aliyetaka kumpinga aone na apinge. Upande huo wa ukuta, ardhi si yake tena. Ni kiwanja kingine kabisa, kitupu, kilichokaa mgongo kwa mgongo na chake. Uungwana wake ndio uliotaka kumponza, na Mama Kigoda, ambaye hajawahi kuandika neno juu ya kiwanja asichokikalia, alikuwa amekikalia cha mtu mwingine.

Walitoka pamoja wakaenda kwa miguu. Aliporudi jioni, viatu vyake vilikuwa na vumbi, na ile chai yake hakuigusa.

Nieleze jambo moja ambalo vijana wa idara inafaa mlijue. Njia rahisi ilikuwepo. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwema asiyependa misukosuko, alimwita pembeni akamshauri aiache barua iende. Fundi angekata rufaa, afisa mwingine angekagua upya, na mama angestaafu bila doa, na hotuba nzuri juu. Aliyasema kwa mapenzi. Lakini rufaa huchukua miezi, na fundi alikuwa na hadi mwisho wa mwezi. Mama Kigoda alimshukuru mwenyekiti kwa wema wake, akaomba apewe nafasi kwenye kikao.

Kikao kile ukumbi ulijaa. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kusikia ripoti yake ikirudishwa, sembuse na yeye mwenyewe. Alisimama na kigoda chini ya kwapa, akasema:

"Mheshimiwa mwenyekiti, ripoti yangu ni nzuri, ila ni ya kiwanja cha jirani."

Kwa muda hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Kisha mwenyekiti mwenyewe akaanza, mabega yakamtikisika, na ukumbi mzima ukafuata, na Mama Kigoda akacheka pamoja nasi huku akifuta machozi. Sijui kama machozi yale yalikuwa ya kicheko yote. Alipotulia aliomba mambo mawili: barua isitoke, na safari hii kamati nzima iende ikakae naye.

Basi asubuhi moja wajumbe wote walikuwa kwenye kiwanja cha fundi, upande wa barabara, kila mtu na alichopata cha kukalia. Mwenyekiti alikalia tairi, na suruali yake ya kijivu bado ina kumbukumbu hiyo. Kiwanja kilikuwa kimebanwa kati ya karakana ya useremala na kituo cha mafuta, na makelele ya pale yalitutosha wote. Lakini Mama Kigoda hakuridhika. Barabara ina kelele kwa aliye barabarani, akasema, na sisi tunataka kujua aliye kitandani anasikia nini.

Mpango wake ulikuwa huu. Muuguzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, alikubali kwenda kujilaza chumbani kwake kama kawaida. Fundi angewasha skuta sehemu tatu tofauti za kiwanja, moja baada ya nyingine. Muuguzi akisikia, atoe taulo dirishani. Mimi niliwekwa juu ya ukuta kuwa mwangalizi wa taulo, cheo cha juu kuliko vyote nilivyowahi kupewa katika utumishi.

Skuta ilipowashwa nyuma, karibu na ukuta, taulo lilitoka kabla fundi hajaongeza moto. Ikasogezwa katikati. Taulo likachelewa kidogo, nasi tukaanza kupata matumaini, kisha likatoka. Nilimtazama fundi. Alikuwa amekamata usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyening'inia juu ya kisima. Kilichobaki kilikuwa pembe ya mbele, nyuma ya stoo ya matofali ambayo mjomba aliiacha. Akaisukuma mpaka pale, akawasha, akavuta mafuta hadi moshi ukatufikia.

Tukangoja. Taulo halikutoka. Fundi akavuta tena, zaidi. Hakuna kitu. Wajumbe walinitazama mimi, mimi nikatazama dirisha, dirisha likanitazama. Mama Kigoda, ambaye haamini kitu chepesi, alizunguka kwa kichochoro akabisha hodi polepole, na dada wa muuguzi akamfungulia, akaingia, akatoka. Alikuwa ameweka kidole mdomoni. Muuguzi alikuwa amelala fofofo, taulo mkononi.

Hapo ndipo nilipowaona waheshimiwa wajumbe wa kamati, watu wanaogonga meza wakitaka kusikilizwa, wakitoka kiwanjani kwa kunyata mmoja mmoja, wamebeba viti vyao juu juu visiburuze. Mwenyekiti alimwashiria fundi azime injini kwa ishara ya kukata koo, ambayo fundi kwa mshtuko aliielewa vibaya, akafikiri amekosa kibali. Ilibidi apigiwe magoti kuelezwa, kwa kunong'ona.

Sisi tungemaliza siku ileile. Mama Kigoda akakataa. Mtu aliyechoka si kipimo, akasema, huyu angelala hata chini ya treni. Akataka jaribio lirudiwe muuguzi akiwa amepumzika, macho makavu, na likarudiwa siku yake ya mapumziko. Taulo lilitoka mara mbili za kwanza, mara ya tatu halikutoka, na muuguzi akaja mwenyewe barabarani kuuliza kama tumeshaanza. Kisha, bila kuombwa na mtu, akasema pingamizi lake analiondoa, ila masharti yaandikwe.

Yakaandikwa. Matengenezo yote yafanyike pembe ya mbele, nyuma ya stoo. Ukuta wa nyuma usitobolewe mlango. Anayejaribu skuta atoke nayo barabara kuu, asiguse kichochoro. Mizigo ishushwe alasiri, muuguzi akiwa ameamka. Kamati ilipitisha bila kura ya kupinga. Fundi alipokabidhiwa kibali alikaa kwenye ngazi za ofisi yetu, mikono magotini, akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kuogelea, na watu wakampita bila kumsumbua. Alihamia siku ya mwisho kabisa ya muda aliopewa, skuta mbovu sita zimefungwa pamoja kwa kamba na yeye mbele, tukampungia kutoka madirishani.

Jioni ile nilitoka geti moja na Mama Kigoda. Aliniambia kwamba kila usiku tangu fundi alipomuuliza swali lile hakuwa amefumba jicho. Kilichomkosesha usingizi hakikuwa jina lake kuharibika. Aliwaza ni wangapi, katika miaka yote ile, ambao huenda walikosewa na hawakuwa na ujasiri wa kuja na shati la pasi kuuliza. Nilimwambia ninachoamini, na ambacho nakiandika hapa kiwe rasmi: mtu aliyekuwa akikaa mpaka mchana alikosea mara chache kuliko sisi tuliokaa mezani. Asubuhi iliyofuata alichelewa kazini, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Aliingia na alama ya mto shavuni, akasema amelala mpaka jua likamkuta. Mlinzi alikuwa ameshaanza kuwapigia simu ndugu zake.

Anapoondoka, nyumbani wanamngoja watu wenye furaha iliyochanganyika na hofu. Mume wake, mwalimu mstaafu, ametuarifu kwamba banda la kuku limeshakaliwa kwa asubuhi moja na imependekezwa lihamishwe. Jiko linafuata. Wajukuu wamepewa masharti ya wapi mpira unaruhusiwa. Mzee anasema yeye mwenyewe bado hajakaguliwa, na anaomba tumwombee.

Kuhusu kigoda, tulimwomba atuachie, tukakiweke ndani ya kabati la kioo pale mapokezi. Alikataa katakata. Alisema kigoda cha kwenye kioo hakikaliwi, na kwamba shemeji yake bado yu hai na anachonga, kila afisa akaagize chake. Hadi naandika haya, wanne wameshaagiza. Inasemekana vyote vina mguu mmoja mfupi.

Mama yetu, ahsante kwa uwanja wa mpira, kwa nguo zetu ambazo bado ni nyeusi, na kwa kusimama mbele ya watu kusema si penyewe pale ulipokalia. Fundi amefungua duka, muuguzi analala, watoto wa wodini wanapimiwa dawa na mtu mwenye macho meupe. Hakuna jalada lako lililobaki mezani. Nimepekua mwenyewe mpaka droo ya chini, nikakuta majani ya chai tu.

Kwa hiyo tunakutakia kitu kimoja, nacho ni usingizi kama ule wa muuguzi, taulo mkononi. Lala, mama, jua likukute. Sisi tukipita dirishani kwako, tutapita kwa kunyata.